Baba Alivyosubiri Bei ya Pikapu

Wiki chache zilizopita nilikwenda kuangalia gari kwenye yadi moja Arusha. Kijana wa pale alinifungulia mlango wa pikapu ndogo, na kabla sijaingiza kichwa, harufu ikanifikia: vitambaa vya viti vilivyozeeka, vumbi, na kwa mbali, chini ya yote hayo, vitunguu saumu. Aliyekuwa nayo kabla alikuwa amebebea mzigo wake humo, na sabuni zote walizoisugulia hazikuweza kuitoa harufu hiyo. Kijana aliona nimesita, akadhani ni bei. Akaniinamia kama anayenipa siri ya familia.

"Dada, kama huna haraka, rudi mwezi wa kwanza. Watu wakishalipa ada, bei zinalala zenyewe."

Nilimshukuru nikaondoka. Gari nilinunua baadaye kwa mtu mwingine, kwa bei ya kwanza aliyonitajia, na mume wangu mpaka leo ananicheka kwamba sijui kupatana. Namwacha acheke. Sijawahi kumweleza vizuri habari ya baba yangu na pikapu ya Mzee Rajabu, kwa hiyo nawaeleza ninyi.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Tuliishi Tumati, kwenye nyumba ya bati iliyotazama bonde, na jikoni kwetu kulikuwa na dari la miti ambako baba alihifadhi vitunguu saumu. Sisi tuliviita swaumu tu. Kuanzia mavuno, wakati wa baridi ile inayokufanya uvae sweta mpaka kitandani, harufu yake ilikaa kila mahali: kwenye blanketi, kwenye maziwa, kwenye daftari zangu. Darasani walijua nimefika kabla hawajaniona. Mwalimu wetu wa hesabu alinihamishia dirishani, akasema ni kwa ajili ya mwanga.

Mwaka huo swaumu ilikubali. Malori ya wanunuzi yalipanda mpaka kijijini kwetu, na watu waliouza mapema walirudi nyumbani wanaimba. Jioni moja, tukiwa tunakula, mama akasema kwamba sasa ndio wakati wa gari. Hakusema kwa pupa. Bibi, mama yake baba, alikuwa amezeeka na magoti yamechoka; masika barabara ya Dongobesh ilikuwa inakatika, magari ya abiria hayapandi, na mzigo wetu wote tuliuza kwa bei ya wenye magari. Tena gari lilikuwepo. Mzee Rajabu wa Dongobesh alikuwa anauza pikapu yake.

Mzee Rajabu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Kwao asili ni Kondoa, lakini alikuwa amekaa Dongobesh tangu ujana na Kiiraqw, lugha yetu, alikisema kwa kujikwaa mpaka bibi alicheka machozi. Mkewe, Mama Zuhura, alikaa kwenye benchi mlangoni mwa duka na ndoo ya maandazi yenye iliki. Mtoto akisema shikamoo vizuri, alipewa andazi. Mimi nilikuwa naisema vizuri sana.

Baba alisikiliza maneno ya mama mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema, "Bado."

Lazima niwaambie baba alikuwa mtu wa namna gani, maana mkimwona bahili tu mtakuwa hamjamwona. Alikuwa anajulikana mnadani kwa kununua ng'ombe. Asubuhi, wengine wakigombania madume yenye mafuta, yeye alizunguka na fimbo yake, anasalimia watu, anauliza habari za kwao. Alinunua jua likishaanza kuteremka, kwa mtu aliyetoka mbali na ambaye hakutaka kumswaga tena yule ng'ombe mpaka kwao. Hakupaza sauti wala hakumwonea mtu kwa maneno. Alisubiri tu. Ng'ombe wetu wote walikuja nyumbani hivyo, kwenye mwanga wa mwisho, na mimi nilijivunia baba kwa hilo kuliko watoto wengine walivyojivunia baba zao wenye pikipiki.

"Baba Anjela," mama alisema, "gari siyo ng'ombe."

"Muuzaji ni muuzaji. Sasa hivi kila mtu ana hela ya swaumu. Nani atakupunguzia? Ngoja mwezi wa kwanza. Ada zimetoka, mbolea imenunuliwa, hakuna mwenye kitu. Hapo Mzee Rajabu ataniita mwenyewe."

Na swaumu yetu nayo akaamua haiuzi. Wenzake wakimaliza, alisema, bei itapanda. Kwa hiyo baba akawa anasubiri mambo mawili kwa pamoja: swaumu ipande na gari lishuke. Akilini mwangu niliona kabisa vile yatakavyokutana katikati.

Kila Jumamosi alinichukua kwenda naye Dongobesh. Hatukwenda kununua gari, tulikwenda kununua misumari. Sijui misumari ile yote ilikuwa ya kazi gani. Mingine nadhani ipo mpaka leo. Mzee Rajabu alituagizia chai, na baba akanywa akiwa ameipa pikapu mgongo, kama mtu asiyejua ipo. Kisha, tukiaga, ndipo aliizunguka. Ilikuwa nyeupe, yenye kabini moja. Alibonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Tairi hizi zimechoka, Mzee Rajabu."

"Zimechoka kidogo," Mzee Rajabu alikubali.

"Na hapa pana kutu."

"Kutu ipo. Lakini injini, Mzee Tluway, injini haijawahi kufunguliwa."

Baba alitaja bei yake. Mzee Rajabu alitabasamu, akatikisa kichwa, akataja ya kwake, ambayo haikuwa ya uonevu. Hata mimi nilijua, maana nilimsikia mama akiisema kwa majirani kwa mshangao. Baba akasema, "Basi tutaonana." Tukarudi na misumari yetu.

Mwanzoni mwa mvua niliona kwamba Mama Zuhura hayupo kwenye benchi. Jumamosi iliyofuata hakuwepo tena, wala ndoo ya maandazi. Nilimuuliza baba njiani.

"Anaumwa. Figo."

"Atapona?"

"Wanamtibu."

Bei ya Mzee Rajabu ilikuwa imeshuka kidogo siku hiyo. Niliisikia kwa masikio yangu, na nikamtazama baba nikidhani atafurahi. Alisema tu, "Basi tutaonana," lakini safari hii hakuizunguka pikapu. Nyumbani mama alimuuliza, akamwambia imeshuka. Mama naye alikuwa amesikia habari za Mama Zuhura kanisani kwa akina mama.

"Kwa hiyo unangoja nini tena?"

"Swaumu haijauzwa."

"Iuze."

"Kwa bei ya sasa? Hata nusu ya gari hatutapata."

Na kweli. Malori yalikuwa yameacha kuja. Walisema swaumu imejaa masokoni, imetoka sehemu nyingine, haitakiwi. Mimi na mama tulipanda darini kuichambua, na nikishika kichwa kilichoonekana kizima, kilibonyea mkononi kama karatasi. Vingine vilikuwa vimeanza kuota, vimetoa vimajani vya kijani gizani huko juu. Mama aliweka vizima upande mmoja na vibovu upande mwingine, na upande wa vibovu ukaendelea kukua. Baba alikuja akasimama chini ya ngazi, akatazama juu. Nakumbuka nilitaka kumwambia kwamba haidhuru, lakini niliona kwamba inadhuru.

Bibi alianguka mwezi wa kwanza, asubuhi, akitoka kuwatazama ndama. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na uwanja wote ulikuwa utelezi. Nilisikia sauti moja fupi, kisha ng'ombe wakashtuka. Tulimkuta amelala ubavu, khanga imejaa matope, na mguu mmoja umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Hakulia. Aliendelea kutuambia tuwafungie ndama.

Baba alipanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee penye mtandao, akaanza kupiga simu. Mwenye gari la abiria alisema barabara haipitiki. Mwenye lori alikuwa Babati. Mwenye pikipiki alikuwa tayari, lakini utampakiaje mama mzee mwenye nyonga iliyovunjika kwenye pikipiki? Nilikuwa nimesimama chini ya kichuguu nimemshikia mwavuli wake, kwa sababu hakuutaka, na nikamwona ameshusha simu, ameitazama, ameipandisha tena sikioni taratibu sana.

"Mzee Rajabu. Shikamoo."

Walikuwa rika moja. Sikuwahi kumsikia akimwamkia kabla ya siku hiyo, na hakuwahi tena.

"Mama ameanguka," baba akasema. Kisha akasikiliza. Kisha akasema, "Ahsante," akabaki ameshika simu sikioni ingawa nilijua imeshakatika.

Alikuja mwenyewe. Tuliisikia pikapu inaguna kutoka bondeni muda mrefu kabla hatujaiona. Mzee Rajabu alishuka na kanzu imepandishwa na kufungwa kiunoni, na viatu vya mpira, akamsalimia bibi kwa Kiiraqw chake kibovu, na bibi, pamoja na maumivu yote yale, akamsahihisha. Walimbeba na godoro lake wakamweka nyuma, turubai juu yake, mama upande mmoja na mimi upande wa pili tukiwa tumeshika kingo zake. Baba akakaa mbele.

Karibu na mto tulikwama. Tairi zilizunguka bila kushika kitu, zikitupa matope mpaka kwenye turubai. Baba alishuka akasukuma. Alisukuma peke yake kwanza, kifua kwenye bodi, miguu inateleza, na kila gari lilipotikisika bibi alitoa pumzi kwa meno. Mzee Rajabu akachungulia dirishani.

"Ulisema kweli, Mzee Tluway. Tairi zimechoka."

Hakusema kwa ubaya. Nadhani alitaka kumchekesha. Baba alisimama kwenye mvua, matope mpaka usoni, akarudisha kifua kwenye bodi. Wakaja vijana kutoka mashambani wakasukuma pamoja naye, tukatoka.

Hospitali ya Dongobesh walimpokea bibi. Baba alitoa noti mfukoni kwa ajili ya mafuta, zimelowa zimeshikana, na Mzee Rajabu akamrudishia mkono.

"Weka. Utamnunulia mama uji."

Ikawa mimi ndiye niliyetumwa nyumbani kwa Mzee Rajabu kuchukua chupa ya maji ya moto. Nyumba ilikuwa nyuma ya duka. Nilibisha hodi, sauti ikaniambia nipite. Mama Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele. Ilikuwa imevimba, inang'aa, kama siyo ya mtu mwembamba vile. Nilisema shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama.

"Sina maandazi, mwanangu."

"Haidhuru, mama."

"Bibi yako anaendeleaje?"

Nikamwambia. Akasema Mungu atamsaidia. Alinionyesha chupa ilipo, na nilipokuwa mlangoni akaniita.

"Mwambie baba yako gari lipo. Mwambie hivyo tu. Gari lipo tu."

Nilikimbia na ujumbe ule kama wa furaha. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, kofia magotini. Nikamwambia, "Mama Zuhura anasema gari lipo tu." Niliona anakunja ile kofia, anaikunja, mpaka haiwezi kukunjika zaidi. Nikadhani hajasikia, nikarudia.

Bibi alirudi nyumbani baada ya muda mrefu, na akatembea kwa fimbo mpaka mwisho wa maisha yake. Baba aliuza swaumu iliyobaki, kwa bei aliyopewa. Akauza na ng'ombe, mmoja wa wale wazuri, asubuhi, kwa mtu wa kwanza aliyesimama. Siku ya Jumamosi alivaa koti lake la kanisani, tukaenda Dongobesh, na safari hii hatukununua misumari.

Mzee Rajabu alikuwa nyuma ya kaunta. Rafu zilikuwa na nafasi nyingi tupu. Baba aliweka bahasha juu ya kaunta.

"Mzee Rajabu, hiki ndicho nilicho nacho. Nilitaka kuja na kiasi chako. Nimeshindwa."

Mzee Rajabu alihesabu kwa utaratibu. Nilijua kilichomo kwa sababu nilikuwepo baba alipokifunga. Kilikuwa ni kile kiasi baba alichokitaja wakati wa mavuno, chai ikiwa mkononi, na Mzee Rajabu akatabasamu na kutikisa kichwa. Sasa hakutabasamu. Nilimwona baba anangoja akataliwe. Nafikiri hata alitaka akataliwe, aambiwe aende akatafute zaidi, arudi mwezi ujao.

"Nipe mpaka jioni nimalizie kutoa vitu vyangu ndani," Mzee Rajabu akasema. "Kesho nampeleka Mama Zuhura hospitali, Moshi. Wamesema asichelewe tena."

Alichukua funguo kwenye msumari ukutani, akamkabidhi. Baba alizipokea kwa mikono miwili.

Tulipofika nyumbani na pikapu jioni hiyo, majirani walitoka, watoto wakapanda nyuma, bibi akaletwa na fimbo yake akaigusa taa. Mama alimtazama baba.

"Umepata bei uliyoitaka," alisema. Alisema polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba amejikata na bado damu inatoka.

Baba alivua koti akaenda kwa ng'ombe.

Mama Zuhura alifia Moshi, wakati wa baridi, swaumu ya mwaka mwingine ikiwa karibu kung'olewa. Walimrudisha Dongobesh kwa gari la kukodi. Baba aliwapeleka watu wa kijijini kwetu msibani, wamejaa nyuma wanaume kwa wanawake, na alipofika mjini hakwenda na gari mpaka nyumbani kwa Mzee Rajabu. Aliliacha mbali, nyuma ya ghala la mahindi, tukatembea kwa miguu kwenye matope. Wazee wengine walinung'unika. Hakuwaeleza.

Sitaki kuwadanganya kwamba najua lolote. Labda Mama Zuhura angetibiwa mapema kwa hela ya gari angepona, labda asingepona. Figo zina mambo yake. Nimewahi kumuuliza daktari, mtu mwema, akaniambia swali kama hilo halina jibu. Lakini najua baba alijiuliza, maana hakununua tena ng'ombe jioni. Alienda mnadani asubuhi na wengine, akanunua wa bei kubwa, na watu wakasema Mzee Tluway amezeeka.

Jambo moja ndilo lililonisumbua nikiwa mtoto. Kila aliyemuuliza baba amenunua pikapu kwa kiasi gani, na mwanzoni waliuliza wengi, aliwatajia bei ya Mzee Rajabu, ile ya wakati wa mavuno. Siyo aliyolipa. Mimi nilikuwepo dukani, nilijua. Baba ambaye hajawahi kudanganya hata umri wa ndama alikuwa anasimama mbele ya watu na kuongeza. Nilidhani anajivuna, anataka aonekane ana hela. Niliona aibu kwa niaba yake.

Siku moja, miaka kadhaa baadaye, mtu alimuuliza baba, Mzee Rajabu akiwepo. Tulikuwa dukani kwake, na mgeni mmoja aliyekuwa anatafuta gari akaikubali pikapu yetu pale nje na kuuliza ilinunuliwa kwa ngapi. Baba akataja ileile bei yake ya uongo. Nilimtazama Mzee Rajabu. Alikuwa anafunga mzigo wa mteja kwa kamba. Alifunga fundo, akalikaza.

"Alinipa vizuri," akasema. "Hakunilalia."

Baba aliangalia chini. Mgeni akaenda zake akiamini kwamba magari Dongobesh ni ghali.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nilipoelewa. Baba hakuwa na uwezo wa kurudisha ile miezi. Hakuwa na hela ya kujazia bahasha, na hata angekuwa nayo, Mzee Rajabu asingeipokea, na aliyeihitaji alikuwa ameshazikwa. Kilichobaki mikononi mwake ni kile alichoweza kusema mbele za watu. Kwa hiyo alilipa hapo, kwa mdomo, bei kamili, kila alipoulizwa, mpaka alipofariki. Na Mzee Rajabu, sijui kwa moyo gani, aliipokea.